KISUNZI CHA MADEREVA WA TEXAS

Jumapili ya tarehe 29 Aprili, 2001, nje kidogo ya mji wa Fort Worth katika jimbo la Texas, Marekani, maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kata tikiti zao kwenda kutazama mbio za gari za kilometa 600. Gari zilikuwa tayari na mafundi walikuwa mahali pao. Madereva hawakugoma, wala hapakutokea ugomvi wa fedha. Zikiwa zimebaki saa mbili tu mbio kuanza, wakuu wa chama kilichosimamia mbio hizo, kijulikanacho kwa jina la CART, wakajitokeza mbele ya waandishi wa habari wakatangaza kwamba mbio hazitakuwako. Sababu waliyoitoa ilikuwa ngeni katika mchezo huo: gari zilikuwa zinakwenda mbio kupita uwezo wa mwili wa mwanadamu kustahimili.

Watakuwako watakaotuuliza yatuhusu nini mambo ya Texas sisi watu wa visiwani, ambao gari ya abiria ikifika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, bibi mmoja wa kiti cha nyuma huanza kumkumbusha dereva kwamba ana watoto nyumbani. Swali hilo ni la haki. Jawabu letu ni kwamba kisunzi kilichowashika madereva wale ni ndugu wa kile kimshikacho msafiri anapovuka kwenda Pemba siku bahari imechafuka; kiungo kinachokileta ni kimoja, na kila mmoja wetu anacho ndani ya sikio lake. Tena liko jambo la pili, nalo lawaelekea zaidi wenye madaraka. Siku zile daktari mmoja alisema jambo hili lisimame, na shughuli yenye mamilioni ya dola ikasimama. Namna ilivyofikia hapo yastahili kuelezwa kwa utulivu.

Kiwanja chenyewe kinaitwa Texas Motor Speedway. Ni njia yenye umbo la yai, urefu wake unakaribia kilometa 2.4, na wakati ule kwenye kona zake njia ilikuwa imeinuliwa upande wa nje kwa nyuzi 24, mfano wa ukingo wa sinia, ili gari isiteleze ikatoka. Kilifunguliwa mwaka 1997, na gari za mbio za vyama vingine zilikwisha shindana hapo bila ya taabu ya namna hii. Lakini gari za CART zilikuwa na nguvu zaidi. Injini zake zilikaribia nguvu za farasi 900. Katika mazoezi ya siku zile Paul Tracy wa Kanada alizunguka kwa wastani wa kilometa 381 kwa saa. Kenny Bräck wa Uswidi akajipatia nafasi ya mbele ya kuanzia mbio kwa wastani wa kilometa 375 na ushei. Kwa mwendo huo gari hupita zaidi ya mita 100 kila sekunde moja, yaani kiwanja kizima cha mpira kutoka goli hadi goli, na mzunguko wote ulikwisha kwa muda usiofika sekunde 23.

Mwendo wenyewe haumdhuru mtu. Abiria wa ndege huenda karibu kilometa 900 kwa saa naye anakunywa chai, na chai haimwagiki. Kinachomtaabisha ni kugeuzwa. Kitu kikiwa katika mwendo hutaka kuendelea mbele vile vile, na anayekipindisha hana budi kukisukuma. Kilichomo ndani yake, kiwe ni gunia au ni mtu, huhisi kwamba kinatupwa upande wa pili. Wataalamu hupima msukumo huo kwa kuulinganisha na mvuto wa ardhi. Mvuto mmoja ni uzito alio nao msomaji hivi sasa ameketi kitini. Mivuto miwili ni kama kwamba mtu mwingine wa uzito kama wake amempakata. Kwenye kona za Texas vipimo vilifika mivuto mitano, hata mitano na nusu. Mtu wa kilo 70 akawa kama mtu wa kilo 350. Kichwa chake pamoja na kofia ngumu, ambavyo kwa siku zote ni kilo saba hivi, vikamwelemea shingoni kama kilo 35, sawa na kumtundika hapo mtoto wa skuli.

Ipo hesabu hapa ambayo watu wengi huikosea. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo wa kona ile ile hauzidi mara mbili bali mara nne. Ukiongeza mwendo kwa asilimia saba tu, jambo ambalo dereva hatalitambua kwa macho, msukumo huongezeka kwa asilimia 14 na zaidi. Hivyo ndivyo mambo yalivyoweza kuonekana salama katika majaribio machache yaliyofanywa kabla, kwa mwendo uliokuwa mdogo kidogo, kisha yakabadilika gari zote zilipokusanyika na kila mmoja akataka kumpita mwenzake.

Hesabu hiyo haina uraia. Hufanya kazi katika kona ya barabara ya shamba kama ilivyofanya Texas. Gari ya kawaida katika kona haifiki mvuto mmoja, maana mipira yake itateleza kabla; na lori lililopakiwa shehena ndefu hupinduka mapema zaidi, kwenye nusu ya mvuto au chini ya hapo. Dereva apunguzaye mwendo kutoka kilometa 80 hadi 60 hudhani amepunguza robo. Kwa kweli amepunguza karibu nusu ya msukumo wa kona. Wanaopanga vibao vya mwendo barabarani wanaijua hesabu hii, au yapasa waijue. Abiria wa kwenye benchi la pembeni la daladala huijua bila ya kuisoma, kwa namna anavyomlalia jirani yake na kumwomba radhi kila kona.

Sasa tuutazame mwili. Ubongo umekaa juu ya moyo kwa kiasi cha sentimita 30, na moyo hauna budi kuipandisha damu masafa hayo katika kila pigo. Ikiwa mivuto mitano inamwelekea mtu kutoka kichwani kwenda miguuni, damu huwa nzito mara tano, na kuipandisha sentimita 30 huwa sawa na kuipandisha mita moja na nusu. Hapo moyo wa mtu mzima mwenye afya umekaribia mwisho wa nguvu zake. Macho ndiyo hutangulia kulalamika. Rangi hupauka, kisha pembeni huingia giza, mtu akaona mbele tu kama atazamaye ndani ya bomba. Hali ikiendelea hupoteza fahamu. Marubani wa ndege za kivita wameizoea hatari hii, nao huvaa suruali maalumu zijazwazo hewa ili zibane miguu na tumbo, damu isishuke. Tena hufundishwa kukaza misuli na kuvuta pumzi kwa namna yake. Madereva wa Texas hawakuwa na suruali hizo.

Lakini tuseme kweli yote. Dereva wa gari ya mbio hukaa nusu amelala na miguu imeinuliwa, na sehemu tu ya uzito ule ilimwelekea miguuni. Sehemu nyingine, iliyokuwa kubwa zaidi, ilimvuta kuliani, kwa kuwa mbio za kiwanja kile huzunguka kushoto daima. Damu peke yake, basi, haielezi kila kitu. Mengine yalikuwa sikioni.

Ndani kabisa ya kila sikio, kupita ngoma yake, iko mirija mitatu myembamba iliyopindwa mfano wa nusu duara, kila mmoja na uelekeo wake, nayo imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, mirija hugeuka nacho, lakini majimaji huchelewa. Kuchelewa huko hulaza vinyweleo vidogo mno ambavyo huupelekea ubongo habari kwamba tunageuka. Kugeuka kukiendelea sawasawa, majimaji hufuatana na mirija na habari hukoma, ijapokuwa mtu bado anageuka. Akisimama ghafla, majimaji huendelea na safari yake, na ubongo huambiwa kwamba sasa anageuka upande wa kinyume. Watoto wanaojizungusha uani hata wakaanguka kwa kicheko hucheza na majimaji hayo. Karibu na mirija hiyo viko vifuko viwili vyenye vijiwe vya chokaa, vidogo kuliko chembe ya mchanga, ambavyo kazi yake ni kuuambia ubongo upande gani ni chini.

Mtu aliyetufumbulia mengi ya haya ni Daktari Robert Bárány wa Vienna. Alitambua kwamba akimwosha mgonjwa sikio kwa maji ya baridi, mgonjwa hushikwa na kisunzi na macho yake huchezacheza kuelekea upande mmoja. Maji yakiwa ya moto, macho huelekea upande wa pili. Na maji yakiwa na joto la mwili, hakuna linalotokea. Kwa jambo hilo dogo la chumba cha mgonjwa akapata njia ya kupima kiungo ambacho hakuna aliyeweza kukiona kwa mtu aliye hai. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zikamkuta akiwa mateka wa vita nchini Urusi. Alifunguliwa mwaka 1916, baada ya kuombewa na mmoja wa ukoo wa kifalme wa Uswidi.

Kisunzi, basi, huzuka pale macho, sikio na viungo vingine vinapotoa ushahidi usiolingana. Msafiri aliyejifungia chini katika chombo huona ukuta ulio mbele yake umetulia, huku sikio likimwambia kwamba anainuliwa na kuteremshwa. Ubongo haujui umwamini shahidi yupi, na roho huanza kuchafuka. Ndiyo maana mabaharia wetu humtoa mgonjwa nje na kumwambia atazame nchi kavu kwa mbali, ili macho yaone kile kile ambacho sikio linakihisi. Dereva wa Texas hakuwa na nchi kavu ya kutazama. Katika kila mzunguko alibanwa na kona kwa sekunde zipatazo 18, na muda wote huo vijiwe vya sikioni vilimwambia kwamba chini imehamia upande wa ukuta wa nje. Kisha akapewa sekunde nne au tano za njia iliyonyooka, chini ikarudi mahali pake. Kisha kona tena.

Msomaji mwenye kumbukumbu aweza kupinga kwamba wako watu waliostahimili makubwa kuliko hayo, nasi twakubali. Tarehe 10 Desemba, 1954, katika jangwa la New Mexico, Kanali John Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alijifunga mwenyewe katika kigari cha roketi kilichofika mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa kwa sekunde moja na nukta nne. Mwili wake ulipata mivuto 46. Vishipa vya macho yake vilipasuka, akawa haoni kwa muda, kisha akapona, na alifariki mwaka 1999 akiwa mzee wa miaka 89. Huko huko Texas, kabla ya siku ya mbio, Maurício Gugelmin wa Brazil aligonga ukuta wakati wa mazoezi. Chombo cha kupimia ndani ya gari yake kiliandika mivuto 66 katika pigo la kwanza, na gari ilipokwenda kugonga tena, mivuto 113. Alitoka na maumivu na michubuko, akajiondoa katika mbio, lakini alikuwa mzima.

Tofauti iko katika muda. Mchukuzi hodari anaweza kulinyanyua gunia la kilo 100 na kulitia begani. Mwambie alichukue gunia hilo hilo kutoka Bububu hadi Darajani bila ya kulitua, nawe utakuwa umemwambia jambo jingine kabisa. Mapigo ya Gugelmin yalikuwa ya kufumba na kufumbua. Mbio za kilometa 600 zingekuwa na mizunguko ipatayo 250, zingechukua zaidi ya saa moja na nusu, na katika muda huo dereva angekuwa chini ya uzito wa kona kwa zaidi ya saa nzima, mikono yake ikishika usukani, na mwenzake yuko mbele yake kwa masafa ya hatua chache.

Twaja sasa kwenye sehemu ya kisa hiki iliyotufanya tukichague. Mkuu wa tiba wa CART alikuwa Daktari Steve Olvey, mtu aliyewahudumia madereva hao kwa miaka mingi. Siku ya mazoezi madereva wawili walimjia kwa siri. Wakamwambia kwamba waliposhuka garini hawakuweza kutembea katika mstari ulionyooka kwa dakika nne au zaidi. Hawakutaka majina yao yatajwe. Daktari angeweza kuwapa vidonge na kuwaambia wakalale. Badala ya hivyo akaanza kuwauliza na wengine, mmoja mmoja, bila ya kelele. Alipomaliza, kati ya madereva 25 waliozunguka kiwanja kile, wote isipokuwa wanne walikiri kwamba baada ya mizunguko kumi au zaidi walikuwa wamepata kisunzi, au macho kufanya giza, au kupotewa na mahali walipo.

Kwa hiyo watu 21 walikuwa na ugonjwa mmoja, katika kiwanja kimoja, siku zile zile, na karibu kila mmoja alidhani ni wake peke yake. Hatuwashangai. Dereva asemaye kwamba ameshikwa na kisunzi anajua kwamba nyuma yake wako vijana kumi wanaokitamani kiti chake, na mwenye gari hapendi kusikia habari za majimaji ya sikio. Nahodha hapendi kuonekana anatapika. Hata afisa ofisini, akiona jambo limemshinda, aghalabu hunyamaza akidhani wenzake wote wanaliweza. Laiti wale wawili wasingesema, na laiti daktari asingeuliza, Jumapili ile watu 20 na zaidi wangeanza mbio kwa pamoja, kila mmoja akiificha hali yake kwa mwenziwe aliye ubavuni kwake kwa mwendo wa kilometa 370 kwa saa.

Olvey hakuridhika na rai yake mwenyewe. Alimpigia simu Daktari Richard Jennings, aliyekuwa amepata kufanya kazi katika idara ya safari za anga za juu ya Marekani na wakati huo alikuwa akifundisha tiba ya marubani katika chuo kikuu cha Texas huko Galveston. Jawabu alilopewa lilikuwa zito: mwili wa mwanadamu hauwezi kustahimili mfululizo mvuto upitao minne au minne na nusu. Na madereva wale walikuwa wamekwisha pita mitano.

Usiku ule na asubuhi yake wakuu wa chama, wenye magari na mafundi walitafuta njia ya kuokoa mbio. Ilifikiriwa kupunguza nguvu za injini. Ilifikiriwa pia kubadilisha njia ya kiwanja ili gari zilazimike kupunguza mwendo. Kila shauri lilikuwa na kasoro ile ile, kwamba halijajaribiwa, na gari iliyotengenezwa kwa mwendo mmoja haibadilishwi kwa saa chache ikawa salama kwa mwendo mwingine. Ndipo Joe Heitzler, mkuu wa CART, alipotangaza kwamba mbio zimeahirishwa. Hazikufanyika tena.

Gharama yake haikuwa ndogo. Wenye kiwanja walikwenda mahakamani mwezi Mei mwaka huo huo, wakidai kwamba chama kilikuwa na wajibu wa kuzijaribu gari zake barabara kabla ya kuuza mbio, na kwamba wao walikwisha onya. Ilipofika Oktoba pande mbili zilipatana kwa malipo ambayo hayakutangazwa. Chama chenyewe, kikiwa tayari na matatizo yake mengine mengi, kilifilisika mwishoni mwa mwaka 2003.

Wengine walisema wakati ule, na bado wako wasemao, kwamba uamuzi ule ulikuwa wa aibu. Sisi twaona kwamba aibu iko, lakini haiko Jumapili. Iko katika miezi iliyotangulia. Hesabu ya kona haikuwa siri. Ni ya vitabu vya skuli. Urefu wa njia ulijulikana, nyuzi za mwinamo zilijulikana, nguvu za injini zilijulikana. Mtu mmoja mwenye kalamu na karatasi angeweza kuipata ile mivuto mitano bila ya kuwasha injini, na mtu wa pili angeweza kumuuliza daktari wa marubani swali ambalo Olvey alimuuliza zikiwa zimebaki saa chache. Hakuna aliyeagizwa kufanya hivyo. Gari zilipimwa kila mahali kwa kila chombo, na kipimo cha mwenye kuziendesha kikaachwa kijulikane siku ya mbio.

Na wakuu wale hawakuwa wageni wa msiba. Mwezi Septemba mwaka 1999 walimzika Gonzalo Rodríguez wa Uruguay, aliyekufa katika mazoezi huko California; na siku ya mwisho ya Oktoba mwaka ule ule, katika jimbo lile lile, Greg Moore wa Kanada akafa katika mbio, naye ana umri wa miaka 24. Twaamini kwamba majina hayo mawili yalikuwamo chumbani pale uamuzi ulipokuwa ukikatwa, hata kama hakuna aliyeyataja.

Wala haifai kumfanya daktari yule malaika aliyeufukuza mchezo usiwe na hatari. Aliendelea na kazi yake, na mchezo ukaendelea kuwa ule ule. Tarehe 15 Septemba, 2001, miezi minne na nusu tu baada ya Texas, katika kiwanja cha Lausitz nchini Ujerumani, gari ya Alessandro Zanardi wa Italia iligongwa ubavuni na nyingine iliyokuwa katika mwendo mkali. Zanardi, mmoja wa waliokuwapo Texas, alipoteza miguu yote miwili na sehemu kubwa ya damu yake. Waliomwahi na kumtunza hata akafika hospitali yu hai walikuwa ni Olvey, mwenzake Terry Trammell na kikosi chao.

Kiwanja cha Texas nacho kingali kipo. Kenny Bräck, yule aliyekuwa aanze wa mbele katika mbio ambazo hazikuwa, alirudi hapo mwezi Oktoba mwaka 2003 na chama kingine cha mbio. Gari yake iligusana na nyingine, ikaruka hewani na kuvunjika vunjika kwenye uzio. Chombo cha kupimia kiliandika mivuto 214. Alivunjika paja, mfupa wa kifua, uti wa mgongo na vifundo vya miguu, akakaa nje ya mchezo kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mwezi Mei mwaka 2005 alikwenda Indianapolis, akaingia katika gari, na katika majaribio ya kutafuta nafasi akawa na mwendo mkubwa kuliko madereva wote waliojitokeza. Gari ilimharibikia katikati ya mbio, akashuka, na baada ya hapo akaacha mashindano ya aina hiyo.